Mgongo Wazi: Namna ya Kutafuta Tiba ya Maumivu Sugu ya Mgongo Bila Kupuuzwa

Mtaani Obunga, mjini Kisumu nchini Kenya, wako wanawake wanaokaanga mifupa ya samaki aitwaye mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu na kuipeleka ng'ambo. Mifupa hiyo huitwa mgongo wazi, na ndiyo kitoweo cha kaya nyingi zisizoweza kununua samaki mzima. Anayeikaanga huinama juu ya karai tangu asubuhi, na jioni huinuka kidogo kidogo, mkono mmoja ukiwa kiunoni. Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria yeye, pamoja na mpagazi wa viazi wa Molo, mkata miwa wa Muhoroni, mchumaji wa maua wa Naivasha na mwendesha bodaboda wa Kakamega anayeshinda kwenye barabara ya mashimo. Maumivu ya mgongo hayachagui mtu. Hata meneja anayekalia kiti cha ngozi huyapata. Kinachochagua ni yale yanayofuata: nani ataaminiwa, nani atapimwa, nani ataruhusiwa kupumzika bila kukatwa mshahara, na nani ataambiwa ameze vidonge arudi kazini.

Tofauti hizo haziondolewi na mgonjwa mmoja. Hata hivyo, zipo hatua ambazo mtu asiye na fedha nyingi anaweza kuzichukua ili zisimuumize zaidi ya mgongo wenyewe, na hizo ndizo nitakazozieleza.

Anza kwa kutambua mgongo usiopaswa kusubiri

Maumivu ya mgongo huitwa sugu yanapozidi wiki 12. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba idadi hiyo itafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Kati ya wagonjwa kumi, takriban tisa hawana ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole: hapana mfupa uliovunjika, hapana uvimbe, hapana maambukizi. Hilo halimaanishi kwamba wanajifanya. Misuli, viungo, neva, ukosefu wa usingizi, hofu na uchovu wa kazi vimefungamana hata ikawa vigumu kusema kipi kilianza, na maumivu yanayotokana na mfungamano huo ni ya kweli kama yale ya mguu uliovunjika.

Mgonjwa wa kumi ndiye wa kuhofiwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mkojo ukikataa kutoka, ukipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au mguu ukianza kukosa nguvu. Usikawie pia ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka kutoka kwenye pikipiki au juu ya mti, ikiwa una homa, ikiwa unakonda bila sababu, ikiwa umewahi kutibiwa saratani, au ikiwa maumivu hayapungui hata ukilala. Mwanamume aliyevuka miaka 50, ambaye mgongo umeanza kumsumbua pamoja na shida ya kukojoa, aombe kuchunguzwa tezi dume.

Upo ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia kwa kirefu zaidi, nao ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu wengi hudhani kwamba TB hukaa mapafuni tu. Inaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, ikazila polepole, na mgonjwa akabaki na kibyongo au miguu ikapooza, pengine bila kukohoa hata siku moja. Anayeishi na virusi vya Ukimwi yuko katika hatari kubwa zaidi, na kaunti za ukanda wa ziwa kama Kisumu, Siaya na Homa Bay ndizo zenye viwango vya juu kabisa vya maambukizi hayo nchini. Dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Tatizo ni kwamba mtu wa kazi ya mikono akisema mgongo unamuuma, kazi yake hulaumiwa mara moja na uchunguzi huishia hapo. Kwa hiyo, ikiwa una jasho la usiku, unakonda na mgongo unauma kwa miezi, uliza waziwazi: "Je, hii inaweza kuwa TB ya mgongo?" Mfugaji, au mtu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, aulize pia kuhusu bruselosi, ambayo huleta homa ya vipindi pamoja na maumivu ya kiuno.

Elewa kwa nini watu wawili wenye maumivu sawa hawahudumiwi sawa

Ushahidi uliokusanywa kwa muda mrefu kuhusu jambo hili unatoka Marekani, ambako tofauti za rangi katika matibabu ya maumivu zimechunguzwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya Los Angeles kuhusu watu waliovunjika mifupa mirefu ya mikono na miguu: kati ya wagonjwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, asilimia 55 hawakupewa dawa yoyote ya maumivu, ilhali kati ya weupe walionyimwa walikuwa asilimia 26. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha. Ikiwa hata huo hutibiwa kwa kupima sura ya mtu, mgongo usioonyesha kitu kwenye picha una bahati gani?

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi weupe wa udaktari na madaktari wanaoendelea na mafunzo maswali kuhusu miili ya watu weusi na weupe. Takriban nusu yao waliafiki angalau dhana moja ya uongo, mathalani kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi, na wale walioafiki ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo na kupendekeza tiba isiyofaa. Tafiti nyingine za huko zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi wenye maumivu ya mgongo huandikiwa dawa kali za jamii ya afyuni mara chache kuliko weupe. Ajabu ni kwamba leo Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri dawa hizo zisitumike kwa maumivu sugu ya kawaida ya kiuno, kwa kuwa madhara yake yamezidi faida. Kwa hiyo hasara ya mgonjwa yule haikuwa kidonge alichonyimwa. Ilikuwa ni kutosadikiwa.

Hapa Kenya mgonjwa na anayemtibu kwa kawaida ni wa rangi moja, na matokeo ya Marekani hayawezi kunakiliwa jinsi yalivyo. Lakini dhana ya mwili mgumu tunayo, na haikuanza jana. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaandikisha Waafrika maelfu kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, ndilo lililobaki katika mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Leo hatusemi kwamba ngozi ya mpagazi ni nene. Tunasema "amezoea". Mama amezoea kubeba kuni, kijana wa soko amezoea gunia, kwa hiyo mgongo wake ukiuma itakuwa ni uvivu au uzee. Anayesema hivyo anaweza kuwa afisa wa kliniki, anaweza kuwa mwajiri, na mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe.

Pia iko tofauti ya lugha. Bibi wa Nyakach anayezungumza Kiluo peke yake, au mzee wa Mlima Elgon asiyejua Kiingereza, huzungumziwa na mjukuu, na sentensi zake kumi hugeuka kuwa tatu kabla ya kumfikia daktari. Ukiwa wewe ndiye mjukuu, usifupishe. Tafsiri kila neno, hata lile unaloona si la kitabibu, maana huenda ndilo lenye jibu.

Andaa daftari kabla ya kwenda kliniki

Foleni huwa ndefu na dakika ulizo nazo mbele ya daktari ni chache. Mtu mwenye fedha akipewa dakika chache leo, anaweza kurudi kesho katika kliniki ya kulipia. Wewe umefunga kibanda na umelipa nauli, hivyo dakika hizo ni lazima zitoshe. Nunua daftari dogo la shule. Andika maumivu yalipoanza, yanapokaa, kama yanashuka mguuni, yanapozidi na yanapopoa. Andika dawa zote ulizotumia, zikiwemo za miti shamba na zile za kwenye karatasi zisizo na jina. Andika vipimo vilivyokwisha kufanywa, na uhifadhi karatasi zake humo humo.

Kisha uandike kazi yako kwa hesabu, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Usiseme tu "nafanya kazi ngumu", kwa sababu kila mtu kwenye foleni atasema hivyo. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20 na zaidi. Kama unabeba mitungi sita kwa siku kutoka bombani hadi nyumbani, andika sita. Kama unapakia magunia ya viazi kwenye lori, andika mangapi na yana kilo ngapi. Kama uko kwenye kitalu cha maua, andika ni saa ngapi unainama na ni saa ngapi unasimama. Hesabu hizo humwezesha anayekutibu kuuona mgongo wako ukiwa kazini, na baadaye zinaweza kukusaidia ikiwa utalazimika kuzungumza na mwajiri.

Pengine utaulizwa maumivu yako ni ngapi kutoka sifuri hadi kumi. Swali hilo lina mtego. Vijana husema kumi wakitumaini kwamba watasadikiwa, na anayeuliza huwatazama wakiwa wamekaa wima na kuanza kuwashuku. Wazee wetu nao, kwa heshima na kwa kutotaka kuonekana wanalalamika mbele ya mtoto wa watu, husema "ni kidogo tu", na hupewa dawa ya kidogo tu. Njia iliyo bora ni kutaja namba na papo hapo kuifafanua kwa jambo unaloshindwa kulifanya. Kwa mfano: "Daktari, nasema saba. Tangu mwezi wa tatu siwezi kubeba mtungi wa lita 20. Nabeba wa lita 5 na kupumzika mara mbili njiani. Usiku naamka mara tatu. Nauza mboga, na siku nisipofungua, watoto hawali." Maneno hayo ni machache, na ni vigumu kuyapuuza.

Kabla hujainuka kwenye kiti, uliza haya: ni jambo gani baya ambalo umehakikisha silo, nifanye nini nyumbani, na nikiona nini nirudi upesi. Majibu yaandikwe kwenye daftari, na ikiwa mwandiko wako si mzuri, umwombe yeye akuandikie.

Usiuze ng'ombe kwa ajili ya picha

Nimeona familia zikichangishana kwa ajili ya picha ya MRI, ile inayoonyesha ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, kana kwamba picha yenyewe ni tiba. Naelewa chanzo chake: mtu aliyepuuzwa kwa miaka hutaka ushahidi wa kumwonyesha kila aliyemdharau. Lakini zingatia jambo hili. Watafiti waliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo walikuta dalili za kuchakaa kwa diski, yaani vile vipande laini vilivyo kati ya pingili, katika asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20, na katika asilimia 96 ya wenye miaka 80. Maana yake ni kwamba diski iliyochakaa ni kama mvi. Ukipigwa picha ukiwa na miaka 45, kuna uwezekano mkubwa kwamba kitu kitaonekana, utaambiwa jina lake la kutisha, na kuanzia hapo utaogopa kuinama hata kufunga kamba za viatu.

Picha ina kazi yake pale zinapokuwepo dalili za hatari nilizozitaja mwanzoni, au pale daktari anapofikiria upasuaji. Ukiandikiwa, uliza kwa adabu: "Majibu ya picha hii yatabadilisha nini katika matibabu yangu?" Kama jibu ni kwamba hakuna kitakachobadilika, fedha hizo ziweke akiba ya nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi. Lakini ikiwa una ganzi au mguu umelegea na bado unaambiwa usubiri, usikubali kirahisi. Hapo picha ni haki yako na kila siku ina thamani.

Jihadhari na sindano ya Ijumaa

Mama yangu mzazi aliuza mboga mjini Nakuru kwa miaka mingi. Kila Ijumaa, kabla ya soko kubwa la Jumamosi, alipita kwenye duka moja la dawa akachomwa sindano ya diklofenaki, na Jumamosi aliweza kusimama. Hakuna aliyemuuliza kuhusu shinikizo la damu wala tumbo. Tulijua gharama yake alipoanza kutapika damu.

Dawa za kundi hilo, yaani ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake, zina nafasi katika tiba ya mgongo, lakini kwa muda mfupi, kwa kipimo kidogo kinachotosha, na baada ya chakula. Zikitumika mfululizo huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mjamzito, wasizitumie bila kuuliza. Hatari zaidi ni vidonge vya rangi rangi vinavyofungwa kwenye karatasi bila jina, ambavyo huondoa maumivu kwa siku moja kama muujiza. Baadhi huwa na steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, ambazo zikiendelezwa huvimbisha uso, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa ile ile ya mgongo unaotibiwa. Usimeze kidonge ambacho muuzaji hawezi kukutajia jina lake.

Maskini hanunui sindano kwa ujinga. Sindano inachukua dakika mbili, inagharimu fedha ya siku moja, na haimtaki afunge biashara, ilhali fiziotherapia inamtaka arudi mara sita. Ndiyo sababu sipendi kumsikia mtu akimgombeza mgonjwa juu ya hili bila kumpa njia nyingine.

Njia nyingine yenyewe

Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa Desemba 2023 unataja elimu kwa mgonjwa, mazoezi, kukandwa na mtaalamu, na msaada wa kisaikolojia kuwa miongoni mwa tiba zinazofaa. Unashauri dhidi ya matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno na ya kuvutwa mgongo kwa mashine. Mikanda hiyo huuzwa sana kwenye stendi zetu, na kwa maoni yangu ni heri fedha hizo ziende kwingine.

Wataalamu wa fiziotherapia katika sekta ya umma hupatikana zaidi kuanzia hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu, yaani hospitali za kaunti ndogo na zile za rufaa, kama ile ya Nakuru, ile ya Kakamega, au Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu, ambayo wazee bado wanaiita Russia. Ukienda kwa wa kibinafsi, hakikisha amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mweleze ukweli tangu siku ya kwanza: "Nauli yangu inatosha kuja mara mbili tu." Mtaalamu mzuri atakupangia mazoezi ya kufanya nyumbani na kuitumia mara ya pili kukusahihisha. Hilo ni bora kuliko kupangiwa mara kumi na kutoweka baada ya ya tatu.

Wakati unasubiri, yapo ya kuanza nayo. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti nyayo zikiwa chini, kisha inua makalio polepole, hesabu hadi tano, shusha. Rudia mara nane. Ukiwa bado chali, vuta goti moja kuelekea kifuani, kisha la pili. Piga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, pandisha mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha uteremshe. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si dalili kwamba unaharibu kitu. Maumivu yanayoshuka mguuni na kuongezeka siku hadi siku ni dalili ya kusimama na kuuliza. Usikae kitandani siku nzima. Kitanda kinaonekana kuwa rafiki, lakini misuli hulegea upesi kuliko tunavyodhani.

Kutembea nako ni tiba. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2024, ukihusisha watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo karibuni, ulionyesha kwamba waliopewa mpango wa kutembea na kuelimishwa walikaa siku 208, kwa kadirio la kati, kabla ya maumivu kurudi, ilhali wasiopewa walikaa siku 112. Sasa, najua mama wa Manyatta anayetembea kila siku hadi soko la Kibuye na beseni kichwani atacheka akisoma hivi. Ana haki ya kucheka. Kutembea kunakozungumziwa ni kutembea mikono mitupu, mabega yakiwa yamelegea, kwa mwendo unaojichagulia. Ikiwa unaenda sokoni na mzigo, zoezi lako ni safari ya kurudi: beseni likiwa tupu, mpe mwingine alibebe, uanze na dakika kumi na kuongeza kidogo kidogo kila wiki.

Punguza mzigo, na uijue sheria

Wafanyakazi hufundishwa kuinua kwa magoti badala ya mgongo, na mwajiri huona kwamba amemaliza wajibu wake. Tafiti zilizolinganisha hazikuonyesha kwamba mafunzo hayo peke yake huzuia maumivu ya mgongo. Kinachosaidia ni kuupunguza mzigo wenyewe. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani huanza hesabu zao na kilo 23, na hizo ni kwa mzigo ulio karibu na mwili, kwenye kimo kizuri, usioinuliwa mara nyingi. Linganisha na lumbesa, lile gunia la viazi lililoshonewa kofia juu, linalopita kilo mia moja na kubebwa na mtu mmoja. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Kilo 50 bado ni nyingi mno kwa mgongo mmoja, lakini haifiki nusu ya lumbesa, na mpagazi anayekataa kubeba lumbesa anaisimamia kanuni ambayo ipo tayari.

Mama mboga anaweza kuinua meza yake ifike kimo cha kiuno. Mkaangaji wa samaki anaweza kujengewa jiko la matofali lililoinuka, badala ya mafiga chini. Kwenye shamba, jembe lenye mpini mrefu ni ghali kidogo kuliko fupi na linafaa. Mzigo wa kilo 20 ugawanywe mara mbili kila inapowezekana, hata kama safari zitaongezeka.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao, kwa uzito wake, unaweza kumjeruhi. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja na zaidi naye ana ulinzi fulani chini ya kifungu cha 37, ingawa waajiri wengi hawatamwambia. Ikiwa mgongo uliumia siku moja inayojulikana, kwa mfano ulipoteleza na gunia, mwarifu mwajiri kwa maandishi siku hiyo hiyo na uwataje waliokuwepo. Madai chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini hupelekwa ndani ya miezi 12, na huanzia kwa maafisa wa usalama na afya kazini, si mahakamani. Ni jambo la kusikitisha kwamba sheria hiyo huuelewa kwa urahisi mgongo ulioumia kwa siku moja kuliko ule uliosagika kwa miaka ishirini. Kwa mgongo wa namna ya pili, daftari lako la hesabu za mizigo ndilo litakalozungumza.

Gharama, na pale unapokataliwa

Bima ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya afya ya awali, tarehe 1 Oktoba 2024. Kujisajili ni kupitia *147#, na huduma katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi bila mchango, mradi uwe umesajiliwa. Kwa hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu unahitaji michango: asilimia 2.75 ya mshahara kwa walioajiriwa, na kwa wengine kiasi kinachokadiriwa kulingana na hali ya kaya, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambacho hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima. Anzia zahanati ya karibu, pata barua ya rufaa, kisha uulize dirishani kabla ya huduma, si baada yake, ni vikao vingapi vya fiziotherapia vinalipiwa na ni kipi utalipa mwenyewe.

Wazazi wa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ambao ni wengi katika kaunti zinazouzunguka ziwa, wasisahau kusema neno hilo mapema wanapofika mapokezi. Maumivu ya mgongo ya mtoto huyo si sugu ya kawaida, ni dharura. Nchini Marekani, ambako wengi wenye selimundu ni weusi, wagonjwa hao wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wanadhaniwa kuwa watafuta dawa za kulevya. Hapa kwetu mtoto huambiwa anadeka.

Ukifukuzwa au kudharauliwa, omba kwa utulivu kuonwa na mtu mwingine, kisha umwone msimamizi wa kituo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatoa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, lugha, jinsia au asili ya kijamii. Hilo lisipofaa, andika barua kwa idara ya afya ya kaunti, au kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo hupokea malalamiko bila malipo. Barua iwe fupi: tarehe, kituo, ulichoeleza, ulichojibiwa, na unachotaka kifanywe. Piga nakala moja, igongwe muhuri wa kupokelewa, na uiweke kwenye lile daftari pamoja na karatasi za vipimo.